Mbili Hadi Nane

Siku boksi lilipofika Nshamba, sebule ya Mzee Nathanieli ilikuwa imejaa watu kana kwamba kuna mtoto amepata kipaimara. Walitoka misa ya pili wakanyoosha moja kwa moja, na viatu vyao vya Jumapili, kuja kuona dawa ya migomba.

Dawa yenyewe haikuwepo. Annastella, binti wa nyumba hiyo, alimwambia mama yake, Eufrazia, kwamba anasubiri kingamwili yenye rangi inayong'aa, ya kuchunguzia mizizi ya mgomba maabarani. Eufrazia akawaambia wanawake wa jumuiya kwamba binti yake analetewa kitu cha migomba kutoka Ulaya. Habari ilipomfikia Mzee Kahangwa, jirani ambaye mnyauko, ule ugonjwa wa migomba, ulimmalizia kibanja chote cha migomba akabaki anakula ugali kila siku, jambo ambalo kwa Mhaya ni msiba usio na matanga, kitu kilikuwa kimeshakuwa dawa, tena ya kunyunyiza. Alikuja na chupa ya mafuta ya kula, ameiosha mpaka inang'aa.

"Niwekee hata robo, mwanangu," akamwambia Annastella. "Sisi hatuna tamaa."

"Mzee Kahangwa, si dawa. Ni kitu cha kuangalizia."

"Basi robo ya kuangalizia."

Watu wakacheka. Annastella naye akacheka, maana ilikuwa bado mapema kwake kulia. Alikuwa na miaka thelathini na moja, na mtaa mzima ulijua kwamba bado anasoma. Wenzake aliomaliza nao sekondari walikuwa na watoto wa darasa la sita. Yeye alikuwa na darubini, tena si yake, ya maabara ya Bukoba mjini. Kichupa cha kwanza cha kingamwili hiyo kilikaa siku tisa kwenye ghala la mizigo Dar es Salaam kikapikwa na joto. Hiki kilikuwa cha pili. Dokta Kamala, mwanamke aliyemsimamia, alimwambia bila kuzunguka kwamba cha tatu hakipo: picha zitoke kabla ya Ijumaa, la sivyo nafasi yake kwenye utafiti apewe mwingine.

Ndiyo maana safari hii hakuamini mtu wa mizigo wala kondakta wa basi. Alimwamini baba yake mdogo, Eliud, anayenunua samaki kisiwani Bumbire na kuwapeleka kiwandani Mwanza kwa gari lenye bodi la barafu. Gari hurudi tupu. Eliud alikichukua kichupa kwa wakala wa Mwanza akakileta, na njiani gari lilimvunjikia springi pale Kyamyorwa, akalala huko siku nzima na usiku wake.

Sasa alikuwa ameketi kwenye kiti cha mlangoni. Alibadilisha shati, lakini harufu ya samaki haibadilishwi, na yeye mwenyewe alilijua hilo. Kwa kaka yake alikaa mlangoni siku zote bila kuambiwa. Mbele yake Eufrazia aliweka kikapu kidogo cha kamwani, zile kahawa za kutafuna anazokaribishwa nazo mgeni, na Eliud alikuwa hajazigusa kwa sababu kwanza alitaka boksi lifunguliwe. Alitaka kuuona uso wa mpokeaji.

"Nimelilinda kuliko sangara wa kiwandani," akasema. "Fungua, mwanangu."

Annastella akafungua. Ndani kulikuwa na barafu ya unyevunyevu, nzito, inayouma vidole. Akaifukua. Akatoa kifurushi cha karatasi ya fedha, akaikunjua upande mmoja tu ili mwanga usiingie sana, na ndani yake kulikuwa na kichupa kisichozidi ncha ya kidole cha mwisho.

"Ndiyo hicho tu?" akauliza Mzee Kahangwa.

Annastella hakumsikia. Alikiinamisha kichupa kushoto. Akakiinamisha kulia. Maji yake hayakwenda popote. Yalikuwa yamekaa chini kama punje ya mhindi.

"Imeganda," akasema.

"Kama jiwe," akajibu Eliud, kwa furaha ya mtu aliyemaliza kazi. "Siku mbili nzima. Pale Kyamyorwa barafu ilitaka kunikimbia, nikanunua chumvi ya mawe kilo mbili nikaimwagia. Barafu ikitiwa chumvi haichezi. Ukiigusa kwa ulimi, ulimi unabaki."

"Baba mdogo, umeiua."

"Nini?"

"Hii haigandishwi. Imeandikwa hapa, herufi nyekundu. Hujui kusoma? Uliona ni dagaa? Miezi minne nasubiri, miezi minne, halafu unakwenda kuimwagia chumvi."

Sauti yake ilipanda mpaka wanawake waliokuwa jikoni wakaacha kumenya ndizi. Maandishi yale mekundu yalikuwa ya Kiingereza, na Eliud aliishia darasa la saba, na kila aliyekuwa pale sebuleni alilijua hilo. Akatazama kichupa, akatazama kaka yake, akamtazama Annastella.

"Ulinipigia simu mara nne," akasema polepole. "Zote nne ulisema isipate joto. Hata kidogo, ulisema. Nikakupa baridi."

"Kuna baridi na kuna kugandisha. Mtu yeyote anajua."

"Stella," akasema Mzee Nathanieli. Neno moja, kwa sauti ya chini.

Eliud akainuka. Akajipangusa suruali mahali pasipo na vumbi, akasema, "Haya, kaka, mbaki salama," akatoka. Kikapu cha kamwani kilibaki pale pale, hakuna punje iliyopungua. Katika nyumba ile hakuna mtu aliyewahi kuondoka hivyo, labda mkusanya kodi. Mzee Kahangwa akaisukuma chupa yake taratibu chini ya koti.

* * *

Kabla ya kurudi mjini, Annastella alikwenda na baba yake nyuma ya nyumba, kwenye kibanja. Mgomba aliokuwa akiuchunguza ulikuwa umesimama peke yake, mmoja mnene wa aina ya nshakala, katikati ya mashimo ya wenzake waliong'olewa na kuzikwa. Mnyauko ulipita kulia kwake na kushoto kwake, wenyewe ukauruka. Kila mwezi Annastella alikuja kukata ncha za mizizi yake.

"Hebu nieleze tena," Mzee Nathanieli akasema. "Kile kitone kilikuwa cha kazi gani?"

"Baba, ndani ya kila chembe ya mgomba kuna maelekezo yake yote. Namna ya kuota, namna ya kuzaa, namna ya kupigana na ugonjwa. Yameandikwa kwenye kamba ndefu mno, nyembamba mno. Sasa ili ienee, kamba imezungushwa kwenye vigogo vidogo vidogo vya protini. Palipokazwa, maelekezo hayasomeki. Palipolegezwa, yanasomeka. Nataka kujua huu ulilegeza wapi wenzake wasilegeze."

"Na kitone?"

"Kinakwenda kushika vigogo vile vilivyolegezwa tu, na kina rangi. Nikimulika, panang'aa kijani. Bila hicho naona giza."

Mzee Nathanieli akaupapasa mgomba kama anavyopapasa ng'ombe. "Na Eliud ulimweleza hivi?"

"Hakuwa na muda, alikuwa barabarani."

"Mara nne alikuwa na muda wa kupokea simu."

Annastella alikasirika zaidi, kwa sababu si jambo jema kuambiwa ukweli na mtu unayemheshimu wakati umeshakata tiketi ya basi.

* * *

Maabara ya Bukoba ilikuwa na fundi mmoja, Ildefons, mtu wa makamo aliyehesabu vimelea vya malaria hospitalini miaka ishirini kabla ya kuhamishiwa kwenye migomba. Alisema migomba ni wagonjwa wazuri, hawaulizi majibu yametoka.

Alikipokea kichupa, akakitazama dhidi ya taa nyekundu, akaguna.

"Amefika akiwa hai au amekufa?"

"Sijui, kaka Ildefons."

"Basi tunampima. Hospitali hatukumrudisha mtu mlangoni kwa sababu amepauka."

Wakaiacha iyeyuke polepole ndani ya friji. Jumatatu mchana Annastella akapanga vioo vyake mezani, kila kimoja kimebeba mizizi iliyopondwa ikabaki utando wa chembe. Kingamwili ilitosha vioo vitano, na chini ya chupa yangebaki mabaki ya kulamba.

"Kimoja kiwe kitupu," akasema Ildefons. "Kioo bila mzizi. Tukidondoshea, tunajua rangi peke yake inafanyaje."

"Sina tone la kuchezea kioo kitupu."

"Si kuchezea, dada. Ndiyo kupima kwenyewe."

"Nina vitano tu. Nikipoteza kimoja nabaki na vinne, na Dokta Kamala anataka vitano. Nikipata ya tatu tutaweka hata kumi vitupu."

"Ya tatu haipo, ulisema."

"Ndiyo hivyo."

Ildefons akainua mikono. "Wewe ndiye daktari."

"Bado sijawa."

"Ndiyo maana nikasema."

Jumatano, baada ya kulowekwa na kuoshwa mara sita, vioo vikaingia chumba cha giza. Annastella akakaa kwenye darubini, akawasha mwanga wa buluu, akasogeza gurudumu la kurekebishia. Mwanzo hakuona kitu. Halafu giza likatoboka. Viini vya chembe vilionekana, na juu yake madoa ya kijani, makali, kama vimulimuli waliotua kwenye kibanja.

Alifuta jicho la darubini, akaangalia tena.

"Iko hai," akasema. "Kaka Ildefons, iko hai."

Ildefons akainama kwenye darubini, akaangalia, akasogeza kioo kidogo, akaangalia tena. "Inang'aa," akakubali.

Annastella alipiga picha kumi na nne, akazituma kwa Dokta Kamala bila hata kuzipunguza ukubwa. Jibu lilirudi kabla hajavua glavu. "Hatimaye. Hii ndiyo tuliyoisubiri miaka miwili. Ninaituma kwa wafadhili leo leo. Pumzika, Annastella, umestahili."

Alitoka nje akampigia mama yake. Eufrazia akapiga vigelegele ndani ya simu mpaka Annastella akaiweka mbali na sikio.

"Na mwambie baba mdogo haikufa," akasema.

Vigelegele vikakatika. "Mwambie wewe," akajibu Eufrazia. "Simu si unayo."

Simu alikuwa nayo. Aliishika mkononi kuanzia maabara hadi kwenye chumba chake cha kupanga, akaona afadhali asubiri, kwa sababu mtu aliyeshinda haombi radhi kwa haraka.

* * *

Alhamisi asubuhi alikaa kuchagua picha za ripoti. Alizikuza kwenye kompyuta moja baada ya nyingine. Kwenye ya tatu aliona doa la kijani limekaa nje ya kiini, mahali ambapo hapana kamba wala kigogo. Vumbi, akajiambia. Kwenye ya tano aliona manne. Kwenye ya tisa alikwenda mpaka pembeni kabisa, mahali ambapo hapakuwa na mzizi wa aina yoyote, na huko kulikuwa na vimulimuli wengi kuliko nyumbani kwao kwenye viini.

Akaita, "Kaka Ildefons."

Ildefons hakuuliza anachoitiwa. Alivuta droo, akatoa kitu kilichofungwa kwa karatasi nyeusi, juu yake ameandika tarehe ya Jumatatu.

"Yale mabaki ya chini ya chupa," akasema. "Ulikuwa unataka kuyatupa. Nikayadondoshea kioo kitupu, nikakiosha pamoja na vyako."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniambia huna tone la kuchezea. Nikaona likichezewa na mimi halikuumi."

Kioo kile hakikuwa na mzizi, wala chembe, wala kiini. Kiling'aa kama vingine vyote. Madoa yale yale, ukali ule ule. Kingamwili ilipoganda ilishikamana madonge kama maziwa yaliyokatika, na madonge yalikwama popote yalipotua, kwenye mgomba au kwenye kioo kitupu, bila kuchagua. Walikusanya matone machache yaliyong'ang'ania kwenye kifuniko cha chupa, wakayazungusha kwenye mashine ili madonge yakae chini, wakadondoshea maji safi ya juu kwenye mzizi uliobaki. Saa mbili baadaye kioo kile kilikuwa giza tupu: kingamwili yote ilikuwa imekufa.

"Nani mwingine anajua?" akauliza Annastella.

"Mimi ni fundi wa vioo," Ildefons akasema. "Kioo nimekuonyesha. Kazi yangu iliyobaki ni kuosha."

Akaenda kuosha kweli.

Annastella akabaki na picha zake kumi na nne nzuri. Akafikiri, watu wangapi duniani watakwenda kukuza ya tisa mpaka pembeni? Dokta ameshafurahi. Wafadhili wameshatumiwa. Nafasi imeshabaki yake. Mwakani atanunua nyingine, atarudia taratibu, na huenda majibu yakawa hayo hayo, maana mgomba umesimama, kila mtu anauona umesimama. Alilizungusha jambo hilo mpaka likaanza kuonekana la busara, na hapo ndipo simu ya mama yake ilipoingia.

"Nisikusumbue, mwanangu. Mzee Kahangwa yuko hapa. Amesikia kwamba umethibitisha ule mgomba haufi. Anaomba machipukizi sita akaanzie kibanja. Na wenzake wawili wako nje. Baba yako kawaambia wasubiri Jumamosi uje uwakatie mwenyewe."

"Nani kasema nimethibitisha?"

"Wewe. Jana."

Annastella akaangalia kioo kitupu kilichokuwa bado mezani. Hakuna ajuaye kama mgomba ule unashinda ugonjwa au unaubeba kimyakimya. Machipukizi sita ya mgomba unaoubeba yangekwenda kuzikwa kwenye udongo ambao Mzee Kahangwa ameulaza mwaka mzima, na angewaita majirani waje kuona.

"Mama, asikatiwe hata moja. Nakuja."

Akachukua picha mbili, akaziweka sambamba, akamwandikia Dokta Kamala: "Ya kushoto ni mzizi. Ya kulia ni kioo kitupu. Naomba radhi, za jana si za kweli."

Simu ikalia papo hapo.

"Annastella, nimeshazituma." Sauti ya Dokta Kamala ilikuwa tulivu, na hiyo ndiyo iliyotisha. "Nimeshapongezwa. Sasa niandike nini? Kwamba mwanafunzi wangu hakuweka kioo cha kulinganishia, kitu wanachofundishwa mwaka wa kwanza?"

"Andika hivyo, Dokta."

"Nani aliigandisha?"

Jina lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lilikuwa jepesi, lilinuka samaki, na hakuna mtu Dar es Salaam, aliko Dokta, ambaye angemlaumu kwa kulitaja.

"Mimi," akasema Annastella. "Aliyeibeba nilimwambia joto tu. Sikumwambia kiwango."

Karatasi zikasikika zikigeuzwa.

"Riyadhi, mtafiti mwenzako wa Morogoro, ana mabaki ya aina hiyo hiyo, yanayotosha vioo vinne hivi. Jumanne ya wiki ijayo atakuwa Mwanza kwenye semina, aje nayo. Nakupa wiki tatu. Zikipita, kazi ni ya Riyadhi, na wewe utamkatia mizizi. Na utafute mtu mwenye akili wa kuibeba."

* * *

Jumamosi alimweleza Mzee Kahangwa. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo kile kitone kilikuwa kinang'aa bure?" akaambiwa ndiyo. Akasema hata mwanawe wa Kahama yuko hivyo hivyo, akaenda zake bila machipukizi.

Kutoka hapo Annastella alishuka mpaka mwaloni, mahali ambapo mitumbwi ya Bumbire hushushia samaki. Eliud alikuwa amesimama kwenye tope, mizani mkononi, anabishana na mvuvi aliyetaka kumuuzia sangara wa juzi kwa bei ya leo. Alimwona, akamaliza ubishi wake kwanza.

"Karibu, daktari. Usisogee sana, utanuka."

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba."

"Nimekuja kuomba radhi. Ulifanya nilichosema. Mimi ndiye niliyesema vibaya."

Eliud akaosha mikono kwenye ndoo, kidole kimoja kimoja. "Uliniuliza kama najua kusoma," akasema. "Mbele ya kaka yangu. Mbele ya Kahangwa na chupa yake. Hapa mwaloni unaniomba radhi mbele ya nani? Hawa?" Akaonyesha lundo la sangara. "Hawakusikia."

Annastella akamwelewa. Alikasirika, kwa sababu alikuwa ametembea kwenye tope kwa viatu vizuri, na kwa sababu alikuwa na siku kumi na tisa tu, na kwa sababu baba yake mdogo alikuwa na haki.

Basi Jumapili, baada ya misa ya pili, sebule ikajaa tena. Mzee Nathanieli aliwaita wale wale, hata wale ambao Annastella aliomba wasiitwe. Eliud akakaa kiti cha mlangoni. Annastella akasimama katikati, akasema maneno yale yale aliyoyasema mwaloni, na yalikuwa mazito mara kumi, na Mzee Kahangwa akasema, "Sauti, mwanangu, nimezeeka," akayarudia.

Kisha akachukua kikapu cha kamwani kwa mkono wake mwenyewe, akapiga goti, akakiinua mbele ya baba yake mdogo. Eliud alikiacha kining'inie hewani kidogo, kiasi cha kutosha mkono wa mtu kuanza kuchoka. Akachukua punje mbili. Akatafuna.

"Kaka, huyu binti yako ana mdomo," akasema.

"Ameutoa kwa mama yake," akajibu Mzee Nathanieli, na kutoka jikoni Eufrazia akasema amesikia.

"Baba mdogo," Annastella akasema, bado amepiga goti, "kuna kingine Mwanza. Jumanne."

"Nilijua. Hakuna mtu anayepiga goti kwa la jana tu." Eliud akatema ganda kwenye kiganja. "Nitaleta. Ila safari hii usinipe maneno. Baridi ni neno. Joto ni neno. Mwenye kiwanda akinipa samaki hanipi neno, ananipa namba. Nipe namba."

"Mbili hadi nane."

"Chini ya mbili?"

"Itaelekea kuganda."

"Juu ya nane?"

"Itaanza kuchoka."

"Hayo ndiyo maneno ya mtu anayetaka mzigo wake ufike." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kipimajoto kirefu cha kioo, bado kina karatasi ya duka la dawa. Alikinunua Ijumaa, kabla hajaombwa kitu na mtu. Akakiweka kwenye glasi ya maji ya Mzee Kahangwa, akasubiri, akasoma kwa sauti: "Ishirini na tatu. Mzee, unakunywa maji yaliyochoka."

* * *

Alhamisi, siku Eliud aliyotoka Mwanza na mzigo, Annastella hakufanya kazi nyingine. Saa mbili asubuhi simu ililia akiwa anapanga vioo.

"Tano," akasema Eliud, akakata.

Baada ya nusu saa: "Tano." Baada ya nusu saa nyingine: "Sita. Nimezuia jua, nimefunika na blanketi." Akakata. Annastella alikuwa amevaa glavu, na kila simu ilipolia ilibidi azivue, na zilikuwa glavu za kuhesabu. Saa sita alitaka kumwambia asipige tena mpaka afike, lakini akavua glavu, akapokea namba yake.

"Nani huyo anayekupigia namba?" akauliza Ildefons.

"Baba yangu mdogo. Ndiye anayeibeba."

Ildefons akaenda kwenye ubao, akachora mistari miwili, mmoja akauandikia mbili, mwingine nane, akaanza kuweka nukta katikati. Tano. Tano. Sita. Tano. Kwenye kona ya meza vilikuwepo vioo vinne: vitatu vya mizizi na kimoja kitupu. Kitupu Annastella alikuwa amekiweka cha kwanza.

Saa kumi na dakika kumi simu ikalia nje ya zamu yake. Nyuma ya sauti ya Eliud kulisikika upepo, na mtu akigonga chuma kwa nyundo.

"Tumekwama," akasema.

"Wapi?"

"Kyamyorwa. Pale pale. Springi ile ile."

Annastella akaketi kwenye kiti cha darubini. Maneno yakamjaa mdomoni, yote yakiwa na herufi nyekundu. Ildefons alikuwa amesimama ubaoni, chaki mkononi, anasubiri.

"Baba mdogo," akasema.

Nyundo ikanyamaza. Akasikia boksi likifunguliwa, na pumzi ya mtu aliyeinama anasoma kitu kidogo kwa macho ya uzee.

"Nne na nusu," akasema Eliud, akakata.